Ukano wa Kisigino na Somo la Subira

Mchinjaji anapomaliza kumchuna mbuzi hutafuta mahali pa kumtundika. Hamfungi shingo wala mkia. Hutoboa tundu kwa kisu kati ya mfupa na ukano wa mguu wa nyuma, akapitisha kamba, na mnyama mzima akaning'inia kwa kano mbili tu. Pale panapoonekana kama goti lililogeukia nyuma si goti. Ni kisigino cha mbuzi, maana mnyama huyo hutembea kwa ncha za vidole maisha yake yote. Ukano kama huo sisi wanadamu tunao nyuma ya mguu, unaoshuka kutoka shavu la mguu hadi mfupa wa kisigino. Ndio mnene na wenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Urefu wake ni kama sentimita 15, na mtu anapokimbia hubeba mzigo wa mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Mtu wa kilo 70, basi, huutwika zaidi ya kilo 400 katika kila hatua.

Ajabu ni kwamba ukano wenye nguvu kiasi hicho ndio unaokatika ghafla wakati mtu mzima anapocheza mpira siku ya mapumziko. Kwa miaka mingi nimevutwa na jambo hili, kwanza kwa sababu ya yaliyompata mwalimu mwenzangu, ambayo nitayasimulia, na baadaye kwa sababu ya kusoma. Katika kusoma nimeona kuwa historia ya ukano huu ni historia ya watu kujifunza mambo mawili yanayoonekana mepesi, nayo ni magumu: kuutambua ugonjwa mapema, na kusubiri bila ya kukaa bure.

Watu wa kale waliujua ukano huu kwa ukatili kabla ya kuujua kwa tiba. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kuwa Yoshua aliagizwa awakate mishipa ya miguu farasi wa maadui zake, wasifae tena kwa vita. Wasomaji wa Kurani nao wanamjua ngamia wa Nabii Swaleh, aliyekatwa miguu na watu wa Thamudi kwa ukaidi wao. Shabaha ya kitendo hicho ilikuwa ni ukano wa nyuma ya mguu, kwa kuwa mnyama aliyekatwa hapo hawezi kusimama wala kukimbia.

Jina linalotumika duniani kote, yaani ukano wa Achilles, limetoka kwa Wayunani. Wengi hudhani kwamba habari ya kisigino dhaifu cha shujaa huyo imo katika utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy. La hasha. Kilichomo humo ni kinyume chake. Achilles alipomwua Hector, alimtoboa miguu yote miwili kwa nyuma, baina ya kisigino na kifundo, akapitisha kanda za ngozi ya ng'ombe, akamfunga nyuma ya gari lake la farasi na kumburura. Alifanya kama afanyavyo mchinjaji wetu. Habari ya mama yake Achilles kumchovya mtoto katika mto wa kuzimu huku amemshika kisigino, kikabaki kikavu na bila kinga, tunaipata kwa mshairi wa Kirumi aitwaye Statius, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, miaka mamia baada ya Homer.

Aliyeuingiza ukano huu katika vitabu vya utabibu kwa jina la Achilles ni Philip Verheyen, katika kitabu chake cha maumbile ya mwili wa mwanadamu kilichotoka mwaka 1693. Alikuwa mtu wa Flandria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Katika ujana wake alikuwa akisomea dini, akapatwa na maradhi ya mguu, mguu ukakatwa. Ndipo alipoiacha njia ya ukasisi akageukia utabibu, hata akawa mwalimu mashuhuri katika chuo kikuu cha Leuven.

Kabla ya hapo ukano huu uliogopwa. Maandiko ya kale yanayohesabiwa kuwa ya Hippocrates yalionya kuwa ukipondwa au ukikatwa huleta homa kali, kuchanganyikiwa, na mwisho kifo. Tusiwacheke wazee hao. Walichokiona ni majeraha ya wazi, ya panga na mikuki, katika nyakati ambazo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Kilichoua ni uchafu ulioingia katika kidonda. Ukano wenyewe haukuwa na hatia.

Ilichukua karne nyingi hadi tabibu aandike waziwazi kwamba ukano huu unaweza kukatika ndani kwa ndani, ngozi ikiwa nzima. Mfaransa Ambroise Paré, tabibu wa wafalme katika karne ya 16, alieleza kuwa hukatika kwa sababu ndogo tu: kuruka kidogo, mguu kuteleza, au mtu kupanda farasi kwa pupa. Mwaka 1722 Mfaransa mwingine, Jean-Louis Petit, alitoa habari za mwanasarakasi aliyerukia juu ya meza akakatika kano za miguu yote miwili kwa pamoja. Wapo matabibu wenziwe waliompinga. Katika ubishi ule naliona tatizo ambalo lipo mpaka leo. Mahali pasipo na damu wala kidonda, watu hawasadiki kuwa kitu kikubwa kimekatika.

Kisha yakamfika tabibu mwenyewe. John Hunter wa London, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa karne ya 18, alikatika ukano wa kisigino mwaka 1767, akiwa na umri wa karibu miaka 39. Inasimuliwa kuwa alikuwa akicheza dansi. Hakulala kitandani wala hakutaka kushonwa. Aliufunga mguu, akainua kisigino ili ncha mbili za ukano zikaribiane, akaendelea kutembea kwa uangalifu. Halafu akafanya lililomtofautisha na wengine: akakata kano za mbwa kupitia tundu dogo la ngozi, akawachunguza kwa nyakati mbalimbali aone jinsi zinavyounga. Akaona kwamba zinaunga zenyewe. Ncha zikikaribiana na ngozi ikiwa salama, mwili hujaza pengo kwa nyama mpya, nayo baadaye hukaza na kuwa ukano.

Ugunduzi huo ulizaa tiba isiyotarajiwa. Wapo watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda ndani, hali iitwayo mguu kifundo, na ukano wa kisigino kwao huwa mfupi mno. Katika karne ya 19 Mjerumani Louis Stromeyer aliukata ukano huo kwa kisu chembamba kupitia ngozi, ili uunge tena ukiwa mrefu zaidi. Mwaka 1836 alimkata hivyo daktari kijana wa Kiingereza, William John Little, ambaye alikuwa na mguu kifundo. Little alipona, akarudi kwao kuieneza tiba hiyo. Katika karne ya 20 Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha Iowa nchini Marekani, aliikamilisha kwa njia nyepesi. Mtoto hunyooshwa mguu kidogo kidogo na kufungwa plasta mpya kila wiki, na mwishoni, kwa watoto walio wengi, ukano hukatwa kwa tundu dogo, ikafungwa plasta ya mwisho ya wiki 3 hivi. Katika wiki hizo ukano wa mtoto huwa umekwisha kujiunga. Baadaye huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, wakati wa kulala, kwa miaka kadhaa. Tiba hii imeenea Afrika Mashariki. Uganda iliifanya kuwa mpango wa nchi nzima, na hapa Tanzania hutolewa katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, na kwingineko. Mzazi anayemficha mtoto wa namna hiyo nyumbani kwa kuona aibu anamnyima tiba isiyohitaji mitambo mikubwa.

Sasa niseme habari ya mwalimu mwenzangu. Mwaka 1984 tulikuwa na mchezo wa mpira baina ya walimu na wanafunzi. Yeye alikuwa na umri wa miaka 41, mwenye afya, lakini hakuwa amegusa mpira kwa miezi mingi. Dakika chache baada ya kuanza, alipojisukuma ili akimbie, tulisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Akageuka nyuma kwa hasira kutazama ni nani aliyempiga teke. Hapakuwa na mtu karibu naye.

Alipelekwa kutibiwa akaambiwa ameteguka. Akapewa vidonge vya maumivu, na nyumbani akakandwa kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Wiki ya pili maumivu yalipungua, akarudi darasani, nasi tukashukuru. Lakini hakuweza kupanda ngazi ila kwa kutanguliza mguu mmoja daima, na alipotaka kuandika juu ubaoni hakuweza kuchuchumia kwa mguu ule. Ilipita miezi mitano kabla ya daktari mmoja kumpigisha magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia nje, na kuliminya shavu la mguu. Mguu mzima ulinyooka vidole. Ule mwingine ulitulia kama wa sanamu. Ncha za ukano zilikuwa zimekwisha kuachana mbali. Alipasuliwa, akaungwa kwa tabu, na alichechemea mpaka siku aliyostaafu.

Daktari yule alitumia kipimo ambacho Mwingereza Franklin Adin Simmonds alikieleza mwaka 1957, na Mmarekani T. C. Thompson naye akakiandika mwaka 1962. Hakihitaji umeme wala mashine. Mgonjwa hulala kifudifudi, nyayo zikiwa nje ya kitanda, au hupiga magoti kitini, halafu shavu la mguu likaminywa. Ukano ukiwa mzima, wayo huinama kwa kuvutwa. Ukiwa umekatika, wayo hausogei. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu mgonjwa anaweza kuwadanganya wanaomtazama bila kukusudia. Bado anatembea, na akiambiwa ainamishe wayo atauinamisha kidogo kwa msaada wa misuli mingine. Eksirei nayo huonyesha mifupa tu, na mifupa haina kosa.

Dalili, basi, ni hizi. Mtu husikia pigo la ghafla nyuma ya mguu, kama kupigwa jiwe au teke, na mara nyingi mlio. Ukipapasa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino unaweza kuhisi shimo, kwa kuwa hapo ndipo ukano hupata damu kidogo na hukatika zaidi. Hawezi kusimama kwa ncha za vidole vya mguu ule mmoja. Wanaopatwa zaidi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50, hasa wale wanaokaa ofisini wiki nzima kisha wakacheza kwa nguvu siku moja. Mtu mwenye dalili hizi asikandwe wala asichuliwe, wala asilazimishwe kutembea. Ukano uliokatika haurudishwi mahali pake kwa kusuguliwa. Mguu ufungwe wayo ukiwa umeinama, kama wa mtu anayechuchumia, naye apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kila wiki inayopita ncha huzidi kuachana, na ikipita miezi kazi huwa kubwa.

Je, apasuliwe au asipasuliwe? Ubishi huu umedumu karibu miaka mia. Katika miaka ya 1920 wapasuaji wa Ufaransa walitetea kushona, na kwa muda mrefu kushona kukaonekana ndiyo tiba ya watu wa michezo. Lakini utafiti mkubwa wa Norway, uliotangazwa mwaka 2022, uliwalinganisha wagonjwa 526 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine hawakupasuliwa, wengine walishonwa kwa njia ya kawaida, na wengine kwa matundu madogo. Baada ya mwaka mmoja uwezo wao wa kutumia mguu haukutofautiana. Kati ya kila 100 wasiopasuliwa, wapatao 6 walikatika tena, na kwa waliopasuliwa hata mmoja hakutimia. Kwa upande mwingine, waliopasuliwa walipata zaidi madhara ya mishipa ya fahamu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa na daktari kuwa hutapasuliwa usidhani umedharauliwa. Njia alivyoishika Hunter mwaka 1767 haikuwa ya kijinga. Sharti lake ni kwamba ianze mapema, ncha zikiwa bado jirani.

Kupona kuna ratiba yake. Mwanzoni mguu huwekwa katika plasta au kiatu kigumu, wayo ukielekea chini, kisigino kikiinuliwa kwa vipande vya kuegemea. Kadiri wiki zinavyopita vipande huondolewa kimoja kimoja mpaka wayo urudi sawa, na muda wa kiatu huwa kama wiki 8. Siku hizi wagonjwa wengi huruhusiwa kukanyaga mapema wakiwa ndani ya kiatu hicho, kwa sababu imeonekana kuwa ukano unaoguswa na uzito kidogo kidogo huunga vizuri. Lakini kukanyaga bila kiatu, au kujinyoosha mguu kwa nguvu ili kupima kama umepona, ndiyo njia ya kuukata tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Jamaa wa mgonjwa wawe macho pia juu ya damu kuganda katika mguu uliotulia. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikibana, ni safari ya hospitali mara moja. Baada ya kiatu huja mazoezi ya kuinua visigino, kwanza miguu yote miwili, baadaye mmoja. Kukimbia huanza aghalabu baada ya nusu mwaka, na michezo ya kuruka na kugeuka ghafla huweza kungoja miezi 9 hadi 12.

Upo ugonjwa wa pili usio wa ghafla, nao ni ukano kuchakaa. Asubuhi hatua za kwanza huwa za maumivu na ugumu, mtu akitembea kidogo hupungua, na ukipapasa ukano unaukuta umevimba au umekuwa mnene. Wengi huupuuza kwa kuwa maumivu huondoka mchana. Mchina Liu Xiang, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2004 wa mita 110 kuruka viunzi, alilazimika kujitoa Beijing mwaka 2008, mbele ya watu wa nchi yake, kwa sababu ya maumivu ya ukano huu. Alitibiwa, akarudi, na London mwaka 2012 akagonga kiunzi cha kwanza, ukano ukakatika. Alimaliza njia akirukaruka kwa mguu mmoja.

Kwa muda mrefu dawa ya uchakavu ilikuwa kupumzika tu. Mabadiliko yalitoka Sweden, kwa daktari Håkan Alfredson, ambaye naye alikuwa na ugonjwa huo. Yeye husimulia kuwa aliomba apasuliwe, mkuu wake akakataa kwa kuwa hakutaka akose kazini. Basi akaamua kuuchosha ukano wake kwa mazoezi mpaka ukatike, ili wasiwe na budi kumpasua. Badala ya kukatika, ukapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya mazoezi hayo kwa wiki 12, wote wakarudi kukimbia. Mtu husimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, akajiinua kwa mguu mzima, halafu akateremsha polepole kisigino cha mguu unaouma chini ya usawa wa ngazi. Hufanya hivyo mara 15, mikupuo 3, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku. Mwenye maumivu pale pale ukano unapoingia mfupani asishushe kisigino chini ya usawa. Na aliyesikia mlio na pigo la ghafla asiguse mazoezi haya kabisa kabla ya kupimwa.

Kwa wazee wenzangu nina neno la ziada. Zipo dawa za kuua vijidudu za jamii ya ciprofloxacin na levofloxacin, ambazo kwetu hutolewa sana kwa homa ya matumbo na maradhi ya njia ya mkojo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza zibandikwe onyo kali kwamba zinaweza kuudhuru ukano hata ukakatika, na hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri unaopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za jamii ya prednisolone. Dawa hizi zimeokoa maisha ya wengi, wala sisemi mtu azikatae. Nasema asijinunulie dukani bila cheti, na akiona ukano wa kisigino umeanza kuuma akiwa anazitumia, amwarifu daktari siku hiyo.

Chuoni tulipokuwa tukifundishwa ualimu tuliambiwa kwamba mtoto hakui kwa kuvutwa masikio, wala hakui kwa kuachwa peke yake. Sijapata mfano bora zaidi wa kuueleza ukano huu. Ukiuharakisha unakatika, na ukiulaza unadhoofu. Hutaka utambuliwe siku ya kwanza, usogezwe karibu, upewe muda wake, kisha upewe kazi kwa kipimo, leo kidogo na kesho zaidi. Wahenga waliosema kwamba pole pole ndio mwendo hawakuwa wakimzungumzia mvivu. Walimzungumzia mtu aliye safarini.